Idd yasogelea Januari: Wazazi wa Garissa wajipange mapema kwa zawadi na karo

WAZAZI katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera wana hesabu moja ambayo wenzao wa bara hawana. Krismasi huja Desemba 25 kila mwaka, na mwenye nia ya kudunduliza fedha za zawadi anaweza kuanza hata Februari akijua siku yenyewe haitamkimbia.

Idd-ul-Fitr haina tabia hiyo. Hufuata kuandama kwa mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 katika kalenda wanayoitumia mwajiri, benki na shule.

Mwaka wa 2024 sikukuu hiyo iliadhimishwa Aprili 10. Mwaka wa 2025 iliangukia mwisho wa Machi, wakati ambapo mwalimu, askari na karani wa kaunti walikuwa wakipokea mishahara. Bahati ya namna hiyo haiji kila mwaka. Kufikia 2028 Idd itakuwa mwishoni mwa Februari, 2030 itakuwa mwanzoni mwa mwezi huo, na 2031 itaangukia wiki ya mwisho ya Januari.

Januari ndio mwezi wa karo, sare na vitabu. Wakenya wenye utani wameubandika jina la Njaanuari, na si bure. Hivyo basi, katika miaka michache ijayo, mzazi yule yule atadaiwa na shule na kudaiwa na watoto wanaotaka nguo mpya na mkono wa Idd, fedha zote zikitoka mfuko mmoja.

Kwa mfugaji hali itakuwa nzito zaidi. Januari hadi Machi ni kiangazi, msimu ambao Wasomali huuita jilaal. Maziwa huadimika, mbuzi hukonda, na bei yake hushuka katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya aina hiyo Afrika Mashariki. Unga na sukari dukani havishuki pamoja naye. Nguo za watoto ambazo zingegharimu mbuzi mmoja aliyenona baada ya mvua, huenda zikadai wawili wa kiangazi.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha kutoa zawadi. Ushauri huo ni rahisi kuutoa ukiwa Nairobi. Kaskazini Mashariki, zawadi ni sehemu ya bima ya jamii: shangazi aliyekumbukwa siku ya Idd ndiye atakayempokea mtoto wako wakati wa ukame, na binamu aliyetumiwa shilingi elfu moja leo ndiye atakayechangia ada ya hospitali kesho. Anayefunga mkono ili kuokoa fedha anaweza kujikuta amepoteza zaidi ya alichookoa.

Kinachoweza kupunguzwa ni gharama ya kuchelewa. Ni desturi katika miji ya eneo hili kufanya ununuzi katika kumi la mwisho la Ramadhan. Maduka hujaa usiku baada ya tarawehe, na mwenye duka anafahamu fika kwamba mteja wake hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Hapo ndipo dera, kanzu na viatu hupanda bei.

Sehemu kubwa ya bidhaa hizo hutoka Eastleigh, Nairobi, safari ya takriban kilomita 370. Barabara yenyewe si ya kutegemewa kila msimu. Mnamo Novemba 2023, na tena mwaka wa 2024, mafuriko ya Mto Tana yaliikata karibu na Madogo, ng'ambo tu ya mji wa Garissa. Hili lawahusu hasa wanaojiandaa kwa Idd-ul-Adha, ambayo sasa inaingia katika miezi ya mvua za masika. Aliyenunua mwezi wa Rajab au Shaaban hana haja ya kuuliza kama daraja linapitika.

Swali ni fedha za kununulia mapema zitoke wapi. Benki ya jadi ni zizi, lakini zizi lina hatari zake. Mwishoni mwa 2006, Idd-ul-Adha ilipowadia, homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imezuka Garissa na viunga vyake. Uchinjaji na biashara ya mifugo vilipigwa marufuku, na mwenye mbuzi hamsini akawa sawa na asiye na kitu. Ukame wa kati ya 2020 na 2023, ambapo misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, uliua zaidi ya mifugo milioni 2.5 katika maeneo kame ya Kenya.

Fedha za jamaa walio ng'ambo nazo zina kikomo. Baada ya shambulizi la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Ziliruhusiwa kurejelea kazi mwezi wa Juni, Idd ikiwa imekaribia. Familia zilizotegemea mlango huo mmoja zilikaa zaidi ya miezi miwili zikiutazama ukiwa umefungwa.

Mikopo ya simu ndiyo mbaya zaidi. Mkopo wa zawadi hulipwa baada ya sherehe kwisha, pamoja na ada, na kwa Mwislamu suala la riba linabaki palepale.

Iliyobaki ni hagbad, ambayo wengine huiita ayuuto, mchezo wa fedha ambao akina mama wa Kisomali wameuendesha kwa vizazi. Tuchukue mfano: wanawake 12 wakichanga shilingi 1,500 kila mwezi, mmoja huondoka na shilingi 18,000 kwa zamu. Hakuna riba wala fomu za kujaza, na mdhamini ni sifa ya mtu mtaani. Kwa maoni yetu hakuna chombo kinachofaa zaidi kwa jambo hili.

Kasoro yake ni moja, nayo yarekebishika. Zamu ni moja kwa mwaka, na si kila mtu anaweza kupokea kabla ya Idd. Baadhi ya wanachama watapokea Mfunguo Mosi ukiwa umepita. Njia nyepesi ni mchango mdogo wa kando, hata shilingi 200 kwa mwezi, usioguswa hadi Shaaban, kisha ugawiwe wote kwa siku moja. Kikundi kinachonunua nguo za watoto 40 kwa pamoja kinaweza pia kuagiza kwa bei ya jumla Eastleigh, jambo ambalo mama mmoja peke yake hawezi.

La kuzingatia ni kalenda. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Kikundi kinachohesabu kwa mwezi wa mshahara, kikapanga kugawa fedha zake kila mwanzo wa Machi, kitafaulu mwaka wa 2027, Idd itakapokuwa karibu na Machi 10. Mwaka utakaofuata wanachama wake watapokea fedha hizo sikukuu ikiwa imekwisha siku chache nyuma.