Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Ubishi wa nani anaishi vizuri zaidi kati ya Mkenya na Mtanzania ni wa siku nyingi, na kila upande una kipimo chake. Mfanyabiashara wa nafaka huangalia bei ya unga. Kwa kipimo hicho Tanzania hushinda karibu kila msimu, ndiyo maana malori ya mahindi yanayopita Namanga na Holili huelekea Kenya. Mwezi Julai 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita Sh. 200 za Kenya, Serikali ya nchi hiyo ikalazimika kutoa ruzuku ili iuzwe kwa Sh. 100. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, zuio hilo lililegezwa kwa masharti ndani ya siku chache tu.

Wachumi nao hupenda pato la wastani la kila mwananchi. Kwa kipimo hicho Kenya iko mbele, na kwa mbali.

Kipo kipimo cha tatu ambacho hakitajwi sana sokoni, nacho ni kimo cha mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya kukosa chakula bora na kuugua mara kwa mara, na madhara yake kwa akili na nguvu za kazi humfuata hadi utu uzima.

Takwimu za uchunguzi wa afya ya jamii katika nchi hizo mbili zinafikirisha. Mwaka 2010, watoto 42 katika kila 100 wa Tanzania walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30. Kenya ilikuwa na 35 katika uchunguzi wa 2008-09, wakashuka hadi 26 mwaka 2014 na 18 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, nchi inayonunua mahindi imepunguza udumavu karibu nusu, na nchi inayoyauza bado inasuasua.

Mgala muue na haki umpe. Tanzania, pamoja na pato lake dogo, imejitahidi kuokoa maisha ya watoto. Mwaka 2022 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 43 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, wakati Kenya vilikuwa 41. Aidha, Kenya nayo ina vidonda vyake, kwani Kilifi ina watoto 37 waliodumaa katika kila 100, kiwango kinachozidi wastani wa Tanzania. Hata hivyo, picha kwa ujumla ni kwamba mtoto wa Tanzania anaokolewa asife, lakini hakui inavyopaswa.

La kushangaza zaidi ni mahali tatizo lilipo. Mkoa unaoongoza kwa udumavu Tanzania si ule wenye ukame. Ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa wenye karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha wengine. Iringa ndiyo pia ilikuwa na mradi wa lishe uliosifiwa duniani katika miaka ya 1980. Kinyozi hajinyoi.

Jambo hili si fumbo. Gunia la mahindi hujaza tumbo, lakini mtoto hakui kwa ugali na uji mtupu. Anahitaji maharage, dagaa, mayai, maziwa na mboga. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi kuliko Kenya, lakini Mkenya hunywa maziwa mengi zaidi. Mkulima wa nyanda za juu huuza mavuno mara moja ili alipe madeni, mbolea na karo. Mama anashinda shambani, mtoto anashindia uji wa asubuhi.

Wapo watakaosema dawa ni kufunga mpaka. Hiyo ilijaribiwa mwaka 2011 na 2017, na anayeumia ni mkulima, kwa kuwa bei humwangukia. Mahindi yauzwe Nairobi na popote penye bei nzuri. Suala ni fedha yake inarudi nyumbani ikiwa nini.

Halmashauri za Tanzania ziliagizwa kutenga Sh. 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kiasi hicho hakinunui hata trei moja ya mayai. Halmashauri hizo hizo hukusanya ushuru wa mazao kwenye vizuizi vya barabarani. Ingefaa sehemu maalumu ya ushuru wa mahindi irudi kwenye kliniki za watoto, kuku na ng'ombe wa maziwa kwa kaya za vijijini, na taarifa yake ibandikwe ofisi ya kijiji kila msimu.

Hadi hapo, unga wa bei nafuu usitumiwe kama ushahidi wa maisha bora. Nchi inayouza chakula na kubaki na watoto waliodumaa inafanya biashara ya hasara, hata kama vitabu vya hesabu vinaonyesha faida.