KUSAHAU KUNAKOTOKANA NA KIFAFA

Mtu mzima anapoanza kusahau, hukumu hutolewa upesi: amezeeka, analewa, au amerogwa. Kazini huitwa mzembe na nyumbani huchekwa. Sisi twasema hukumu hiyo haifai kutolewa kabla ya kuuliza kama si kifafa.

Wengi wetu twakijua kifafa cha kuanguka na kutoa povu. Lakini kiko kingine kisichomwangusha mtu. Huwapata hasa watu wa makamo na wazee, mara nyingi waamkapo usingizini. Kwa nusu saa au saa nzima mgonjwa hutembea na kuongea sawasawa, ila hakuna jambo linalokaa kichwani. Atauliza swali lile lile mara kumi. Kisha hurudia hali yake. Mwaka 1998 madaktari watatu wa Uingereza, Zeman, Boniface na Hodges, walieleza dalili za kuutambulia ugonjwa huo.

Chombo cha kusaidia kazi hiyo si kipya. Hans Berger, wa mji wa Jena, Ujerumani, aliunasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kutangaza habari zake mwaka 1929. Visahani vidogo vya madini hubandikwa kichwani, na mawimbi ya ubongo yakaandikwa; hapana kisu, wala umeme hauingizwi mwilini. Mawimbi yenye ncha kali yakionekana upande wa panja, ambako ndani yake kumbukumbu mpya hutengenezwa, daktari amepata ushahidi.

Hapa ndipo penye hatari. Kipimo kimoja kifupi, mgonjwa akiwa macho, hukosa mengi, na karatasi safi haithibitishi kwamba hana kifafa. Yafaa apimwe tena, na apimwe akiwa amelala, kwani usingizini mawimbi hayo hujitokeza zaidi. Kadhalika asikilizwe mke, mume au mwenzake wa kazini aliyeyaona, maana mgonjwa hawezi kusimulia asichokikumbuka.

Kosa hapa ni kubwa, kwa kuwa dawa za kawaida za kifafa aghalabu huyakomesha mashambulio hayo, ijapokuwa kumbukumbu zilizokwisha potea huenda zisirudi. Aliyedhaniwa kuwa na ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni huikosa dawa hiyo. Dereva mwenye hali hii lazima aache usukani, hilo hatulibishi. Lakini waajiri wampe kazi nyingine na nafasi ya kupimwa, wala wasimwandikie barua ya kumfukuza.