Kabla Hujachomeka Hita

Wadogo zangu wanachuo, hasa ninyi wa mwaka wa kwanza mnaopandisha mabegi ngazi za hosteli kwa mara ya kwanza, nina ombi kwenu.

Nilipokuwa mwaka wa pili tuliishi wanne kwenye chumba cha wawili. Tulikuwa na hita ya koili, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo. Asubuhi moja tuliichomeka, umeme ukakatika maji yakiwa bado baridi. Tukayagawana hivyo hivyo, tukaoga, tukawahi kipindi. Hita tuliiacha ndani ya ndoo tupu, swichi haijazimwa. Saa nne umeme ukarudi. Aliyeuona moshi ukipenya chini ya mlango ni mama wa usafi aliyekuwa akipiga deki kwenye korido. Alimwita mlinzi, wakavunja kitasa. Tuliporudi tulikuta ndoo imeyeyuka na kugandia sakafuni, kona ya godoro imeungua, na yule mama amekaa kwenye ngazi anakohoa. Hakutugombeza. Alisema tu, "Wanangu, mngeniua."

Najua hita zinakatazwa, na najua zinavyofichwa siku ya ukaguzi. Sisi tulizificha kwenye ndoo za nguo chafu. Najua pia kwamba bumu huchelewa, na kupika chumbani ni nafuu kuliko kula kantini kila siku. Kwa hiyo sitawahubiria. Naomba tupige hesabu ya fizikia ya sekondari. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba takriban wati 3,000, tena ikiwa nzima na si ile ya bei ya kutupa. Hita ya wati 1,500, jiko la koili la wati 1,000 na pasi ya wati 1,000 tayari zimeshapita. Waya hauwaki papo hapo. Unapata joto, plastiki inalainika, na ukiwa umeviringishwa na kusukumwa chini ya godoro, joto hilo halina pa kutokea. Wewe uko darasani. Anayelala chumba cha pili baada ya kukesha akisoma ndiye atakayeamshwa na moshi.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyefunga madirisha kwa sababu ya mbu anaweza kulala asiamke.

Tena si moto peke yake unaoumiza. Alfajiri ya Jumapili, 12 Aprili 2015, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, na wanafunzi waliposhtuka usingizini waliamini kwamba zamu yao imefika. Walikanyagana, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Siwezi kumlaumu hata mmoja wao. Mtu aliyeshtushwa gizani hukimbilia njia anayoijua. Ndiyo maana nawaomba njia hiyo muijue mapema. Usiku mmoja wiki hii, shukeni wote wa chumba kimoja kwa ngazi ambazo hamzitumii. Angalieni kama geti la nondo pale chini limefungwa, na ufunguo anao nani. Mkikuta magodoro mabovu yamerundikwa njiani, yaondoeni siku hiyo hiyo.

Uongozi nao una deni lake. Soketi inayotoa cheche, mtungi wa kuzimia moto ambao haujakaguliwa, geti linalofungwa usiku bila mtu wa kulifungua: pelekeni kwa wadeni kwa maandishi, nakala kwa serikali ya wanafunzi, na mrudi kuuliza. Na moto ukitokea Tanzania, piga 114 kwanza, kisha ndipo uwapigie marafiki. Moto wa umeme usiumwagie maji. Moshi ukijaa, tambaa. Hewa nafuu iko chini, karibu na sakafu.

Nimebakiza jambo ambalo wakubwa hawapendi kulizungumza, kubebana. Wengi wenu mmembeba mwenzenu aliyekosa chumba, na mmefanya utu. Lakini jina lake haliko kwenye daftari la wadeni. Daftari likisomwa usiku wa ajali, wote wataitika na hesabu itatimia, naye bado yuko ndani. Basi waambie angalau majirani wawili jina lake na kitanda anacholala, ili mkikusanyika pale uwanjani awepo wa kuuliza, "Na mgeni wa chumba namba 14 yuko wapi?"