Fistula: Tiba Isiishie Chumba cha Upasuaji

Mwanamke wa Sola, mkoani Simiyu, aliyepata fistula ya uzazi kutokana na uchungu pingamizi, huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Upasuaji huziba tundu. Hata hivyo, baadhi ya wanawake huendelea kuvuja mkojo, pengine kwa kuwa misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kibofu, imedhoofika. Hapo ndipo fizioterapia inapohitajika. Mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli hiyo hayahitaji mashine, na huwafaa pia wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume na baadhi ya watoto wasioweza kuzuia mkojo. Yanahitaji mwelekezaji. Maelekezo hayo yakiendelezwa katika zahanati, aliyerejea kutoka Mwanza atakwenda sokoni na ibadani bila aibu.