Sura ya Rafiki si Ukuta wa Kupakwa Chokaa

Kijana msomaji, uso wa mtu ni amana. Mtu akikuruhusu kuupiga picha amekukabidhi kitu ambacho hana kingine cha kukibadili. Basi yafaa tuulize, bila ya haya wala upendeleo, kwa nini sura nyingi za vijana wa pwani yetu, tangu Malindi mpaka Kilifi, huingia katika kamera zikiwa nyeusi na kutoka zikiwa na weupe usio wao. Huingia na kovu, jasho na vumbi, na kutoka laini kama sahani ya kauri.

Mchezaji amecheza dakika 90 juani katika uwanja wa Karisa Maitha mjini Kilifi. Rafiki yake ampiga picha, kisha aketi kivulini na simu yake. Kidole chapita mara moja, jasho lafutika. Chapita mara ya pili, pua yapungua. Chapita mara ya tatu, ngozi yapauka. Picha yapelekwa kwa watu, nao wasifu. Lakini wamsifu nani? Mchezaji hayumo tena. Jasho lile ndilo lililokuwa habari, na habari imefutwa.

Wako watakaojibu kwamba hakuna mpiga picha asiyerekebisha kazi yake. Ni kweli. Tangu zamani za filamu, mafundi walitumia penseli na brashi kuondoa doa na kasoro. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, alikata picha na kuziunganisha kwa mkono wake, akazua mandhari ambazo jicho halijapata kuziona. Lakini nani aliyedanganyika? Kila mtazamaji alijua kwamba aonyeshwa ustadi wa fundi. Vivyo hivyo kigango cha Wagiriama, mti unaochongwa kwa ukumbusho wa mzee wa Gohu: hakidai kufanana na uso wa marehemu, wala hapana akidhaniaye kuwa ni uso wake. Kinachofanywa waziwazi ni sanaa. Kinachofanywa kwa siri, kisha kikaitwa sura ya fulani, ni uongo.

Wengine watasema kwamba kamera yenyewe haimtendei haki mtu mweusi. Hili nalo ni kweli, na lina historia. Katika miaka ya 1950 na baadaye, maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani ya ngozi zote, na mtu mweusi alitoka kama kivuli chenye meno na macho. Filamu zilipokuja kutengenezwa upya, sababu moja ilikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao rangi za bidhaa zao hazikutoka sawasawa. Tafakari jambo hilo: ubao wa meza ulisikilizwa kabla ya uso wa binadamu.

Lakini dawa ya kosa hilo si kumgeuza mtu. Dawa ni kuijua kazi. Kamera hupima nuru yote iliyo mbele yake na kutafuta wastani. Ukimsimamisha rafiki yako asubuhi ufukoni Malindi, bahari ikiwa nyuma yake, jua linalochomoza baharini litakuwa mgongoni mwake, mchanga na anga vitang'aa, na kamera itapunguza nuru hata uso uwe giza. Mlete chini ya mwarobaini, au ngoja alasiri jua lielekee bara limwangaze usoni. Uambie mtambo upime uso wake, si anga. Utaona wekundu wa udongo ulio ndani ya weusi wake, na mng'ao wa shavu, na kina cha macho. Na ikiwa baadaye utaongeza nuru kidogo ili picha ilingane na ulichokiona, hukumdhulumu. Umerudisha kilichopotea njiani.

Usidhani kwamba kubadili rangi ya mtu ni mchezo tu. Mwezi wa Juni mwaka 1994 jarida la Time la Marekani lilitia giza picha ya O. J. Simpson, mchezaji mashuhuri wa zamani aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji. Jarida la Newsweek lilichapa picha ile ile bila ya kuitia giza, na watu wakaona tofauti kwa macho yao. Lawama zilikuwa kubwa. Sasa pima: mkono mmoja humtia mtu weusi ili aonekane mwovu, na mkono mwingine humtia weupe ili aonekane mzuri. Mikono hiyo miwili imefundishwa na mwalimu mmoja. Utamlaumuje wa kwanza, nawe ukawa wa pili?

Hoja yenye nguvu zaidi ni hii: mwenyewe ndiye aliyetaka. Lakini amejifunza wapi kutaka hivyo? Amezitazama picha elfu zilizopaushwa, kisha akatazama kioo, akaona kioo kina kosa. Wako wanaotoka kwenye kioo wakaenda dukani kununua krimu, na nyingine huwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Mataifa mengine yameiona hatari ya picha za namna hii: tangu mwaka 2017 Ufaransa imetaka picha za biashara zilizobadilisha umbo la mwili wa mwanamitindo ziandikwe kwamba zimerekebishwa, na Norwe ikafuata kwa sheria ya matangazo mwaka 2022. Wewe huna haja ya kungoja sheria. Rafiki akikuomba umpaushe, mwonyeshe kwanza picha yake iliyopigwa kwa nuru njema. Huenda hajapata kujiona. Akishikilia baada ya hapo, uso ni wake. Lakini mkono ni wako, nao una haki ya kukataa.

Chokaa ya pwani huchomwa kutoka mawe ya matumbawe, hupakwa ukutani, na nyumba ikapendeza. Ukuta hauna jina, wala hauna mama atakayeitazama picha na kumtafuta mwanawe ndani yake asimwone. Rafiki yako anaye. Mpige picha ambayo mama yake atamjua.