Kadi Nzuri, Ndani Tupu

Tuambiane ukweli, jamani. Kadi za shukrani za kutengeneza kwa mkono siku hizi zinapendeza mno, na ndani hamna kitu. Mtu anamaliza Jumamosi nzima na karatasi ya manila, mkasi na gundi. Vipepeo vya kitenge, maganda makavu ya mgomba yaliyopangwa mpaka yakawa twiga. Kazi safi. Unafungua: "Asante kwa yote." Yote yapi?

Nimeshaipokea hiyo. Nililala hospitali siku nne nikimuuguza mama yake rafiki yangu, nikimsimulia visa vya Abunuwasi ili asahau maumivu. Kadi ikaja, maua matupu. Ingeweza kwenda kwa yeyote, hata kwa fundi aliyemzibia pancha.

Na msiniambie eti haya ni mapenzi ya mikono tu, si uandishi. Ukishamwandikia mtu, umeandika. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hadi 1958, na barua zile leo ni kitabu. Sijasikia anayeuliza karatasi ilikuwa na nakshi gani. Sisi wapenzi wa fasihi, tunaochambua sentensi za wenzetu mpaka nukta, ndio hao hao tunaoishiwa maneno kabla ya gundi.

Utasema shukrani haihitaji maneno mengi. Sawa, sitaki mengi. Mtaje Abunuwasi. Utaje ule uji uliomwagika kitandani usiku wa pili, mama akacheka.