Riba Bila Kodi Isiwe ya Wenye Laki Pekee

Viazi vikishauzwa Molo, au chama kikigawa pesa kule Bahati, swali huwa lilelile: hizi pesa tuziweke wapi zizae? Wengi wetu hutazama riba tu. Hebu tazama kodi pia, maana hapo ndipo mwenye akiba ndogo anapoumia.

Ukiweka akiba benki, asilimia 15 ya riba yako huenda KRA kabla hujaiona. Bondi ya kawaida ya serikali isiyofika miaka 10 hukatwa asilimia 15 vilevile. Ya miaka 10 na zaidi hukatwa asilimia 10. Lakini bondi ya miundombinu, ile ya kugharamia barabara, maji na umeme, riba yake haikatwi hata senti.

Piga hesabu. Sh100,000 kwa riba ya asilimia 12 huzaa Sh12,000 kwa mwaka. Toa kodi ya asilimia 15, unabaki na Sh10,200. Bondi ya miundombinu ya asilimia 11 itakupa Sh11,000, zote zako. Riba ndogo imeshinda kubwa!

Sasa shida ni mlango. Bondi hizi kwa kawaida zimeuzwa na Benki Kuu kuanzia Sh100,000. Mwenye laki mkononi anakula riba nzima. Mama mboga wa soko la Wakulima hapa Nakuru, anayeweka Sh200 kwa siku benki, anakatwa. Hiyo si haki.

Mwaka wa 2024, Muswada wa Fedha ulipendekeza riba ya bondi hizi nayo ikatwe kodi. Muswada uliondolewa baada ya maandamano. Kwa maoni yetu, kumkata kila mtu si dawa: wanunuzi wangedai riba ya juu zaidi, na deni hilo tungelilipa sisi sote.

Dawa ni kushusha kiingilio. Na inawezekana: Machi 2017 serikali iliuza M-Akiba kwa simu, kuanzia Sh3,000, riba ya asilimia 10 kwa mwaka, bila kodi. Mlango huo ufunguliwe tena, na uachwe wazi.

Kwa sasa, kabla ya kuweka pesa popote, uliza mambo mawili: nitabaki na ngapi baada ya kodi? Na je, naweza kuzisubiri miaka yote hiyo?